Waya Chini ya Ziwa: Maswali Yenu Kuhusu Intaneti ya Visiwani

Barua za mwezi huu zimetoka Mfangano, Usenge, Mbita na Kisumu mjini, na takriban zote zinazunguka jambo moja: kebo ya intaneti ikipita chini ya maji ili visiwa vya Ziwa Victoria vipate mtandao wa kutegemewa. Tumechagua sita. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zenye makosa mengi zaidi kazini.

*Mhariri, salamu. Kila mara tunasikia kebo mpya imefika Mombasa kutoka ng'ambo, maelfu ya kilomita. Mbona kisiwa chetu, ambacho mtu wa Mbita anakiona kwa macho, kinashindikana?* — Mwalimu, Mfangano

Mwalimu, hakishindikani kwa upande wa ufundi. Mnalokosa ni kuwa njiani mwa kebo ya mtu mwingine.

Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, takriban kilomita 5,000. SEACOM ikafika mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Hizo zililipiwa na soko la nchi nzima na majirani zake. Sasa tazama kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, chenye watu wasiofika 5,000. Kilipata kebo kwa sababu Equiano, inayotoka Ulaya kwenda Afrika Kusini, ilikuwa ikipita upande ule, wakaomba tawi. Tawi likafika ufuoni 2021, huduma ikaanza Oktoba 2023. Kwa kebo ya peke yao wasingeweza kulipa. Ziwani hakuna kebo kubwa inayopita mlangoni kwa Mfangano, kwa hiyo hoja ya kuipeleka mezani kwa kaunti na kwa kampuni ni hii: kebo isiyoishia kisiwani bali inayopitia kisiwani, ikiunganisha pwani mbili za bara. Hapo kisiwa kinapata njia mbili za kutokea, na mwenye kebo anapata biashara ya pande zote.

Kiufundi, ziwa ni rahisi kuliko bahari kwa jambo moja kubwa. Kebo ndefu ya bahari hubeba vikuza-mwanga kila kilomita 60 hadi 100, na vikuza-mwanga hivyo vinahitaji umeme, maelfu ya volti, unaopita katika shaba ndani ya kebo ileile. Umbali wa kilomita 20, 40 hata 100 hauhitaji kitu hicho. Mwanga unasafiri wenyewe kutoka ufuo hadi ufuo, na vifaa vyote vinavyoweza kuharibika viko nchi kavu ambapo fundi anavifikia kwa miguu.

Ziwa ni gumu kwa jambo jingine: meli ya kulaza kebo haiwezi kupanda hadi hapa. MV Uhuru yenyewe ililetwa vipande kutoka Uskoti miaka ya 1960 ikaunganishwa Kisumu. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa tishari, yaani jahazi bapa la mizigo, likiwekewa pipa la kebo, breki na gurudumu la kuteremshia. Na kebo yenyewe hufika kwa lori. Yenye kinga ya waya za chuma huweza kuwa na kilo 1.5 hadi 2 kwa mita, maana yake kilomita 20 ni tani 30 hadi 40. Lori moja halibebi hizo kihalali, basi kebo hukatwa mapipa mawili au matatu, na kila kikato kinazaa kiungio kitakacholala chini ya maji.

*Mimi ni fundi wa faiba Kisumu, nimezoea kazi ya nguzo na mitaro. Nikipewa kebo ya ziwani ya kilomita 22, nachaguaje vifaa vya kuwasha mwanga? Wauzaji wanasema "chukua ya kilomita 40, itatosha."* — Fundi, Kondele

Usikubali kuuziwa kwa kilomita. Piga hesabu ya upotevu wa mwanga kwa desibeli, kisha ndipo uchague.

Uzi wa kioo kwenye mwanga wa nanomita 1550 hupoteza karibu desibeli 0.2 kwa kilomita. Wewe hesabu 0.22 ili uwe salama. Kilomita 22 ni 4.84. Weka splaisi (mahali nyuzi mbili zinapoyeyushwa zikashikana) sita, za ufuoni na za kuunganisha mapipa, kila moja 0.1: jumla 0.6. Viunganishi vya kuchomeka vinne, viwili kila upande, kila kimoja 0.5: jumla 2. Siku ya kwanza basi una upotevu wa desibeli 7.44.

Wengi huishia hapo, nalo ndilo kosa. Kebo ya majini itakatika siku moja, na kila ukarabati unaongeza splaisi mbili na kipande cha kebo, kwa sababu ncha mbili zilizokatika hazikutani tena juu ya maji bila kuongezewa urefu. Tenga akiba ya matengenezo matano: splaisi kumi ni desibeli 1, na tuseme kilomita moja ya nyongeza, 0.22. Kisha ongeza 3 za uzee wa vifaa na uchafu. Umefika 11.66.

Sasa angalia moduli, yaani kile kifaa cha kuwasha mwanga, ya gigabiti 10 inayouzwa kama ya kilomita 40. Kwa kawaida inavumilia karibu desibeli 11 tu ikiwa kifaa kimetoka kiwandani kikiwa dhaifu kadiri kiwango kinavyoruhusu. Itawaka siku ya kwanza vizuri kabisa, mteja atafurahi, halafu baada ya ukarabati wa tatu au wa nne itaanza kukata usiku na kurudi asubuhi, na hakuna atakayejua sababu. Chukua ya kilomita 80, inayovumilia karibu 24. Lakini hiyo nayo ina mtego wake. Inaweza kutoa mwanga wa +4 kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga, na kipokezi chake huzidiwa mwanga ukipita −7. Toa 7.44 kutoka +4: unapata −3.44, yaani kipokezi kinapofushwa na kinaweza kuharibika. Dawa ni kipunguza-mwanga cha desibeli 5 kwenye upande wa kupokea. Siku ya kwanza utasoma −8.44, ambayo ni salama. Na siku ya mbali, kifaa dhaifu kinachotoa 0, ukitoa 11.66 na zile 5, unabaki na −16.66, bado juu ya kikomo cha −24. Kisome kikomo hicho kwenye karatasi ya moduli uliyonunua, maana watengenezaji hutofautiana kidogo.

Kabla hujachomeka chochote, pima kila uzi kwa ile mashine inayorusha mwanga na kuhesabu muda unaorudi, kwa mawimbi mawili, 1310 na 1550. Ukiona mahali panapoteza zaidi kwenye 1550 kuliko 1310, hapo kebo imekunjwa mno. Ni kona, si splaisi mbaya. Pima kutoka pande zote mbili na uchukue wastani, kwa kuwa splaisi ya nyuzi za aina tofauti kidogo huweza kuonekana nzuri mno ukipima upande mmoja. Hifadhi michoro hiyo. Itakapokatika, mchoro wa siku ya kwanza ndio utakaokuambia ukate wapi.

Na usafi, ndugu fundi. Njia ya mwanga katikati ya uzi ina upana wa maikromita 9 hivi. Chembe moja ya vumbi la Kondele inaweza kuiziba. Pangusa kiunganishi kila unapokichomoa, hata kama ulikipangusa dakika tano zilizopita.

*Sisi ni BMU, kamati ya kusimamia ufuo. Kampuni ikija kulaza kebo, wavuvi wetu watafukuzwa sehemu za kuvulia? Na kebo itavumiliaje nanga zetu?* — Mwenyekiti wa ufuo, Usenge

Mwenyekiti, swali la pili ndilo linaloamua kama kebo itaishi. Hata baharini, sehemu kubwa ya kukatika kwa kebo husababishwa na nanga na zana za uvuvi, katika maji ya kina kifupi karibu na pwani. Mwezi Februari 2012 meli moja iliyoteremsha nanga karibu na Mombasa iliikata TEAMS, kebo yenye nchi nzima nyuma yake. Ziwa Victoria kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo, na Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi zaidi. Hakuna kona ya ziwa hili ambayo nanga haiwezi kufika.

Mawe mnayotumia kama nanga kwenye mitumbwi midogo hayana madhara makubwa yakiteremka wima juu ya kebo yenye waya za chuma. Hatari iko kwenye nanga ya chuma yenye kulabu inayoburutwa upepo ukichafuka. Nyavu za kukokota pia, kwa sababu zinanasa kebo na wavuvi wanaivuta wakidhani ni gogo. Na siku hizi kuna vizimba vya samaki. Kizimba kinashikwa na matofali ya zege au magunia ya mchanga kwenye pembe zake. Kinapohamishwa kwa boti, uzito ule unaburutwa chini mamia ya mita. Mpango wowote wa kebo usiokuwa na ramani ya vizimba vilivyopo na vinavyoombewa kibali haujakamilika.

Kwa hiyo kampuni ikija, dai mambo haya kabla ya kuweka sahihi. Iwaonyeshe matokeo ya kupima sakafu ya ziwa kwa sauti, upana wa mita mia mbili au zaidi kandokando ya njia yote, pamoja na sampuli za udongo. Iwaulize wazee wavuvi miamba iko wapi na nyavu hupotelea wapi. Maarifa hayo hayamo kwenye mashine. Njia ipite penye matope, kwa kuwa kebo nzito inazama yenyewe kwenye tope laini na kujificha. Karibu na Mfangano na visiwa vingine vya mawe, kebo ikining'inia kati ya miamba miwili itasuguana na jiwe kila wimbi likipiga, na waya za kinga zitalika. Hapo hufungwa mabomba ya chuma ya nusu mbili zinazobanana, kutoka ufuoni hadi kina cha mita 10 hivi.

Ufuoni kebo ifukiwe angalau mita moja, wapiga mbizi wakichimba kwa mpira wa maji ya pampu. Tundu la kuungia kebo ya ziwani na ile ya nchi kavu lisijengwe kwenye mchanga wa ufuo wa leo. Mvua za 2019 na 2020 zilipandisha ziwa hadi likameza fukwe, nyumba na vibanda vya kupimia samaki. Tundu liwe juu ya alama ya maji ya miaka hiyo. Lisiwe pia mahali pa kuchotea mchanga, maana wachota mchanga wataifukua kebo bila hata kukusudia, wala kwenye mapito ya viboko.

Kuhusu kufukuzwa: hakuna haja ya kuzuia uvuvi njia nzima. Mvuvi wa omena anayeelea na taa zake usiku haigusi kebo. Kinachohitajika ni ukanda mwembamba wa kutotia nanga na kutoweka vizimba, wenye maboya, na alama za GPS zigawiwe kwa kila BMU kwa namba ambazo nahodha anaweza kuziingiza kwenye simu yake. Maboya hupotea: magugumaji yakisukumwa na upepo huyang'oa, na mengine huibwa. Iandikwe kwenye mkataba kwamba kampuni itayakagua na kuyarudisha kila robo mwaka. Iandikwe pia kwamba mvuvi aliyenasa kebo na kuukata wavu wake ili asiiharibu atalipwa wavu. Pasipo kipengele hicho atakata kebo, na hatuoni wa kumlaumu.

Tathmini ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inatakiwa kabla ya kazi kuanza, nayo ina nafasi ya wananchi kutoa maoni. Andikeni maoni yenu humo. Yaliyosemwa barazani tu hayamfungi mtu.

*Je, kebo hiyo ina umeme unaoweza kuua samaki au kumpiga mtu anayeoga?* — Mwanafunzi, Mbita

La. Kebo isiyo na vikuza-mwanga haibebi umeme wowote. Ndani yake mnapita mwanga usioonekana. Hatari iliyopo ni ya radi, na kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi. Waya za chuma za kinga zinaweza kuleta mkondo wa radi hadi kwenye chumba cha mitambo, kwa hiyo hukatwa na kufungwa kwenye waya wa ardhini palepale kwenye tundu la ufuoni, kisha kutoka hapo hadi chumbani hutumiwa kebo isiyo na chuma ndani yake. Fundi akikuambia ardhi si lazima "kwa sababu ni faiba", mwambie aende akaangalie ile kinga ya chuma.

*Kituo chetu cha afya kiko kisiwa kidogo, watu wachache. Tungoje kebo, au tufunge dishi? Na umeme wenyewe unakatika.* — Muuguzi, kisiwa cha Suba

Dada muuguzi, msingoje. Kisiwa kidogo huunganishwa kwa redio, dishi kwa dishi, kutoka kisiwa kikubwa au bara penye faiba, na kebo ikija baadaye redio inabaki kama njia ya akiba. Setilaiti nayo, kama Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, inafungwa ndani ya siku moja na inafaa kwa kituo kimoja. Kwa shule, zahanati, ofisi ya chifu na maduka yote pamoja, redio hugawanya gharama vizuri zaidi. Tusisahau kwamba mwaka 2020 anga la magharibi lilikuwa na baluni za intaneti za Loon, na 2021 zikaondolewa. Chukueni kifaa ambacho fundi wa Homa Bay anaweza kukitengeneza.

Redio juu ya maji ina hila. Kwa kilomita 20 na masafa ya gigahezi 5.8, mwanya wa mawimbi, yaani nafasi ambamo hutanuka yakisafiri, una katikati ya njia nusu-kipenyo cha mita 16, na asilimia 60 yake, karibu mita 10, lazima iwe wazi kabisa. Mviringo wa dunia nao unainua maji kwa karibu mita 6 katikati. Maana yake mstari wa dishi kwa dishi upite mita 16 juu ya maji pale kati. Mlingoti wa mita 6 ufuoni hautoshi, pandeni mlimani. Lakini mkipanda juu sana, mawimbi yanayorudishwa na uso wa ziwa yanafika pamoja na yale ya moja kwa moja na kuyafuta, hasa alfajiri ziwa likiwa tulivu kama kioo. Huo ndio mtandao unaopotea saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tatu upepo ukivuma. Tafuteni mahali ambapo ncha ya nchi au kilima cha karibu kinaziba mwonekano wa maji bila kuziba dishi la pili, au mfunge madishi mawili kwa kupishana urefu kwenye mlingoti mmoja.

Umeme: ruta, redio na swichi za kituo kidogo hula wati 150 hivi. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 3.6. Mkitaka siku mbili bila jua ni 7.2, na betri ya lithiamu isitumiwe zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo nunueni ya kilowati-saa 9, karibu ampea-saa 180 kwa volti 51. Paneli nne za wati 400 zitarudisha chaji hiyo hata wiki ya mawingu mepesi. Fungeni mfumo huu peke yake. Friji ya chanjo iwe na sola yake. Zikichangia betri, siku ya mawingu mtakosa vyote viwili.

*Kebo ikikatika ziwani, tutakaa bila mtandao siku ngapi? Nauliza kwa sababu Mei 2024 saiba yangu ilikwama siku kadhaa kwa kebo ambayo iko mbali hata sijui wapi.* — Mwenye saiba, Kisumu

Ile ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa EASSy na SEACOM kukatika kwenye pwani ya Afrika Kusini. Uzito wake ulizidi kwa sababu kebo za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika Februari mwaka huohuo, njia ya kaskazini ikawa tayari imebanwa. Njia mbili zinazotegemea mlango mmoja huhesabiwa kama njia moja.

Muda wa ukarabati huamuliwa na akiba iliyopo zaidi ya ufundi. Tonga ilikuwa na kebo moja ya nje, ya kilomita 827 hadi Fiji, iliyowashwa 2013. Volkano ilipoivunja tarehe 15 Januari 2022, huduma ilirudi tarehe 22 Februari, kwa kuwa meli ilibidi itoke mbali na kebo ya akiba haikutosha vipande vilivyoharibika.

Ziwani kazi yenyewe ni siku mbili tatu hali ikiwa nzuri. Mashine ya kupimia inaonyesha umbali wa mkato. Tishari inatoka alfajiri kabla upepo wa mchana haujainuka. Kulabu inaburutwa kukatiza njia ya kebo hadi inase, ncha moja inapandishwa, inapimwa kuelekea ufuoni, inazibwa na kufungwa kwenye boya. Ncha ya pili inatafutwa vivyo hivyo. Kipande kipya kinasplaisiwa ndani ya hema lisiloingia upepo, kwa maana chombo kikiyumba na vumbi likiingia, splaisi ya 0.05 inakuwa ya 0.5. Nyuzi 24, kila moja dakika 5 hadi 10 pamoja na kusafisha na kukata, ni saa 2 hadi 4 kwa kiungio kimoja, na viungio ni viwili. Kipande kirefu kinachobaki kinalazwa pembeni kwa upinde, kamwe kisirundikwe mahali pamoja, maana kebo nene ya milimita 28 haikubali kona yenye nusu-kipenyo chini ya sentimita 56.

Hayo yote yanawezekana tu kama kebo ya akiba iko Mbita au Kisumu. Ikibidi kuagizwa ng'ambo, hesabu miezi. Kwa njia ya kilomita 20, agizo la kwanza liwe na asilimia 3 ya ulegevu, ambayo ni mita 600, na juu yake kilomita mbili za akiba, pamoja na visanduku vinne vya kuungia vyenye mipira na jeli yake. Pipa la akiba likae chini ya paa, ncha zikiwa zimezibwa kwa vifuniko visivyopitisha maji, na kila miezi sita fundi apime nyuzi mbili tatu. Visanduku viandikwe tarehe ya kuisha kwa jeli kwa kalamu nene, nje, mahali panaposomeka bila kukifungua.